Kadi Haina Nafasi ya Mjomba

Vidonge vilikuwa vilevile,
vimehesabiwa kwenye kiganja kimoja,
vikafungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu.
Dadi alimeza, akaomba ugali.
Mfaume alimeza, na siku ya tatu
akaniita nyuma ya nyumba: Baba, njoo uone.

Mkojo ulikuwa rangi ya chai ya msibani,
ile inayochemka tangu alfajiri
na hakuna anayekumbuka kuipunguza majani.
Macho yake, bibo lililoiva.

Majirani walikuwa na jibu kabla sijawa na swali.
Kijicho, alisema mmoja, si mliuza korosho za daraja la kwanza?
Mimi nilimshika muuza dawa.
Nilikwenda na pampu ya baiskeli mkononi,
sijui nilitaka kumpiga
au kumjaza upepo.

Nachingwea, hospitali ya wilaya, benchi refu.
Hilda Namwelu wa maabara akawatoboa vidole wote wawili,
tone hapa, tone pale.
Karatasi ya Dadi ikageuka zambarau.
Ya Mfaume tukaingoja.
Tukaingoja.
Ikabaki kama ilivyotoka kwenye pakiti.

"Kuna mtu kwenu aliyewahi kukojoa hivi?"
Nikaanza upande wangu: baba, babu,
wanaume wote walioandikwa kwenye kadi
baada ya jina la mtoto.
Akanikatiza. "Si kwako, baba. Wajomba zake."

Somoe alikuwa kimya tangu getini.
"Bakili," akasema. "Kaka yangu.
Alipewa dawa ya homa mwaka aliotoka jandoni.
Mkojo mweusi, siku nne. Tulichinja kuku wawili,
tukamhamisha nyumba."

Miaka kumi na mitano nimebishana na wakwe:
ada nalipa mimi, jina la pili ni langu,
nao wananijibu taratibu, kama wanamfundisha mgeni,
mtoto ni wa mjomba.
Kumbe damu yenyewe ni Mmwera wa zamani,
haijui kusoma kadi.

Si ugonjwa, Hilda alisema, ni namna alivyoumbwa.
Chembe zake nyekundu zina ngao nyembamba;
malaria ikija wengi hawaoni tofauti,
ila dawa hii ikipita, zinapasuka.
Akashusha sauti: na wataalamu wanadhani
wembamba huohuo ndio uliowaponya wengi
enzi ambazo mbu hakuwa na mpinzani.
Nikamtazama mwanangu amelala na dripu,
nikashindwa kujua nishukuru au nilie.

Nikamkumbuka Gidabuyoka,
mwaka Wamang'ati walipotushukia na ng'ombe wao.
Nilimuuzia mahindi, akanikaribisha kibuyu cha maziwa.
Yeye aliyanywa kama anazima moto.
Mimi nilikimbilia mihogoni mara nne usiku ule,
asubuhi nikawa kwa mwenyekiti wa kijiji
kushtaki kwamba nimelishwa sumu.
Gidabuyoka alileta kibuyu kilekile barazani,
akakimaliza mbele yetu,
akajifuta ndevu.
Kesi ikafutwa. Tumbo langu
halikuulizwa lina ukoo gani.

Hilda akachukua kalamu nyekundu:
ASIPEWE PRIMAKWINI. Akapiga mstari mara mbili.
Halafu akaitafuta nafasi ya mjomba.
Kuna ya baba, ya kijiji, ya uzito,
ya mjomba hakuna.
Akaandika Bakili pembeni, wima,
herufi zikipanda ukingoni kama siafu.

Nje, Somoe aliiweka kadi ndani ya mfuko wa nailoni,
mfuko ndani ya khanga.
Akampigia dada yake aliyeolewa Ruangwa.
Simu haipatikani.
Ana wavulana watatu yule,
na mvua zimeanza, na homa ziko njiani.
Tukasimama kivulini mwa ukuta wa maabara,
simu ikihama kutoka mkono wake kwenda wangu,
tukipiga tena.