Bei ya Inzi wa Mei

Oughterard, Mei. Shule tumeitoroka,
tunawinda inzi wa Mei vichakani
kuwauzia wavuvi, dazeni yuro tatu.

Akaja Fearghus Ó Laoi mwenyewe,
yule wa runinga, wa vikombe saba,
ambaye baba humsimulia kama shemeji tajiri.

Nikasahau bei.

Akatoa ndoana, akatoa uzi,
akaulenga tunduni: ukapita kando.
Tena. Kando.
"Mwanangu," akanong'ona, akigeuka nyuma
kuhakikisha hakuna kamera,
"hebu nitungie."

Nikatunga. Nikapiga fundo.

Jioni gatini, trauti wa ratili tisa,
makofi. Baba alipiga hadi viganja vikaiva.
Mimi nilitazama mdomo wa yule samaki:
fundo langu bado,
halijalegea.