Pishi Mbili

Haroub karudi na kazi ya skuli:
pishi moja ni lita ngapi?
Mwalimu wa Mtambwe hajui kuwa umeme umekatika
na mikono yangu yote miwili imo ndani ya unga.

Kibaba kwa kibaba, kisaga.
Kisaga kwa kisaga, pishi.
Hiyo naijua kama ninavyojua kusuka nywele,
bila kutazama.
Lakini lita ni mgeni,
kaja na chupa, hajatuambia ukoo wake.

Tukatafuta chupa ya maji ya nusu lita
na kile kikombe cha dawa ya kikohozi,
mililita kumi, bado kinanata.
Tukaishusha pishi ya bibi juu ya kabati,
ya bati, ubavu umebonyea.
Nusu, nusu, nusu, nusu.
Kisha vikombe ishirini na sita,
mara mbili tukipotea hesabu na kuanza upya.
Haroub akaandika jibu, akalipigia mstari kwa rula.

Tungeishia hapo.
Yeye akatoka uani
akarudi na ile wanayonywea kuku:
pishi ya Bwana Msellem,
iliyotufikia wanawe walipogawana wasivyovitaka.
Ndiyo iliyopimia karafuu za bibi
misimu kumi na minane.

Nusu, nusu, nusu, nusu.
Nusu ya tano ikaingia yote.
Na bado vikombe tisa.

Zaidi ya nusu kibaba, kila pishi.
Haroub akagawanya, akafuta, akagawanya tena:
kwa kila pishi saba alizolipwa
bibi alichuma ya nane bure.

Nikamwendea Bi Mgeni polepole
kama apelekaye habari ya msiba.
Alikuwa anapeta mchele.
“Nusu kibaba?” Akapuliza pumba.
“Mbona ikijulikana. Ukitia mkono tu, unajua.
Ndiyo maana chini nikitanguliza makonyo,
ngumi moja,
karafuu safi juu yake.”

“Ngumi moja ni mililita ngapi?”
Haroub, kalamu tayari.

Bibi akaufumba mkono,
kidole cha shahada kimepinda
kwa kuvuta matawi,
akamwekea juu ya daftari.
“Hii hapa. Itie maji.”