Saba Ndani ya Nane

Darasa la Sita halina ngoma.
Lina madumu manne ya mafuta ya kupikia,
kayamba moja iliyovuja nusu ya mbegu zake,
mbuzi ya kukunia nazi ya mamake Tumu
(irudi kabla ya saa kumi, kuna wali)
na madawati, ambayo mwalimu mkuu amekataza yasipigwe.
Tunayapiga.

Niliwaambia: kila mmoja alete sauti ya kwao.
Si wimbo. Sauti. Kitu kinachorudiwa
hata kama hakuna anayekisikiliza.
Shebwana kaileta cherehani ya babake kwa ulimi,
tiki-tiki-tiki, akanyamaza pale uzi ukatikapo.
Kaingu kaleta pampu ya baiskeli.
Tumu: kwaru, kwaru, kifuu kikageuzwa, kwaru.
Tukazipanga ubaoni kwa nukta na mistari,
nane, nane, nane, kama mizani ya utenzi,
nami nikajiona fundi.

Dama akaja na nyundo na jiwe.
Pa. Pa. Pa-ka, pa.
Kisha kimya kifupi, kifupi mno, kisha tena.
Umeruka, Dama. Hesabu.
Akahesabu. Akapiga. Akaruka.
Wenzake wakacheka nyuma ya madaftari.
Mara ya nne nikamtoa nje akajifunze peke yake,
na hilo naliandika hapa kwa kuwa sijalisema popote.

Dirishani nilimsikia akipiga vile vile.
Vile vile.
Kitu kinachokosewa sawasawa mara ishirini
si kosa.
Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto wa chekechea:
saba.

"Mamangu huvunja kokoto kule Maweni," akasema.
"Hupiga matano. La sita husukuma kwa mguu,
la saba huvuta jiwe jingine.
Akiongeza la nane, lori litamkuta hajajaza debe."

Sasa nifanye nini na saba ndani ya nane?
Kaingu, ambaye somo la hesabu humtia usingizi,
akainua mkono:
"Wataachana njiani, Mwalimu, lakini watakutana.
Saba mara nane."
Ngapi?
Darasa zima, hata waliokuwa wakigombania raba:
"Hamsini na sita!"

Jumatatu tulipotea kwenye ishirini na moja.
Jumatano kwenye arubaini:
Shebwana akamlaumu Tumu, Tumu akailaumu nazi.
Alhamisi mvua ikashuka juu ya mabati,
hatukusikiana hata kidogo,
tukapiga kwa kutazamana midomo,
na ndipo tukafika.
Hamsini na sita, na pa iliyofuata
ikatoka mikononi mwa wote
kama mlango mmoja unaofungwa.
Hakuna aliyeshangilia.
Waliiangalia mikono yao.

Ikabaki kumaliza.
Tumu alitaka mshindo, Shebwana alitaka ififie polepole.
Mimi nilitaka tufike hamsini na sita mara tatu, tuiname.
Nikapigiwa kura, nikashindwa.
"Lori likija," alisema Dama, "wao huacha tu."

Siku ya tamasha, ukumbi wa manispaa, feni moja ikigwaruza
katika mdundo ambao hatukuualika.
Jaji aliandika: *Mapigo yanayumba. Mwisho haukukamilika.*
Karatasi ile ninayo bado, sikumwonyesha mtu.

Lakini mimi nilikuwa nimewapa jukwaa mgongo,
nikiitazama safu ya nyuma,
mwanamke mwenye leso iliyoshika vumbi jeupe kwenye pindo.
Hakutikisa kichwa, hakupiga makofi.
Ila kila la sita, chini ya benchi,
mguu wake ulisukuma kitu kisichokuwapo.

Kaingu akapuliza honi kwa viganja: *piii!*
Kila mkono ukakoma ulipokuwa, juu, hewani,
katikati ya hesabu.

Watu walikuwa bado wanajiuliza kama tumemaliza.
Yeye alikwisha nyanyuka nusu,
mkono mmoja ukitafuta debe.