Sekunde Arobaini na Moja

Mwaka huu timu ya taifa imehamia ndani ya simu.
Televisheni ya baba ipo, nimeifuta vumbi,
lile vumbi jekundu la kiwanda cha chuma
ambalo hapa Taranto hatulihesabu tena kuwa uchafu;
ni kama ndugu wa mbali, halibishi hodi, huingia, hukaa.
Ipo, na inaonyesha mapishi.
Mwanamke anakuna jibini taratibu
saa ile ile wimbo wa taifa unapoimbwa mahali pengine,
nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa nambari ya kadi.

Nimelipa mimi. Euro thelathini na tano,
na za mwezi ujao zitajikata zenyewe nisipokumbuka kukataa.
Nililipa nikiwa kituo cha basi, kidole gumba kimekufa ganzi,
wakanidai nywila, wakanitaka nithibitishe kuwa ni mtu,
nichague picha zote zenye taa za barabarani.
Baba alikuwa akinipigia: "Wameanza?"

Tumeiegemeza simu kwenye kopo la sukari.
Donato wa tanuru namba nne, miaka thelathini na mmoja kazini,
aliyezoea kuutazama moto kupitia kioo cheusi,
anakunja uso mbele ya uwanja
usiozidi kiganja chake.
"Wetu ni wepi?"
Wenye bluu, baba.
"Mimi naona sisimizi."

Kisha likaja duara.
Linazunguka, linazunguka, kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Mpira umeganda hewani, golikipa wao kaachama,
na baba anaipuliza simu
kama mtu anayepuliza kaa la moto lisizimike.

Ndipo ukuta ukapiga yowe.

Ni Ersilia, mlango wa pili, mjane, hana mtandao.
Ana redio ya marehemu, betri zimefungwa kwa utepe,
na redio, jamani, haimngoji mtu.
Goli! Vijiko vyetu vikatetemeka kwenye sahani,
na kwetu mpira ndio kwanza unarudishwa nyuma,
hakuna hata mmoja uwanjani aliyeota kufunga.
Nilihesabu. Sekunde arobaini na moja.
Sisi tuliolipa tuliletewa goli limeshapoa.

Baba hakukasirika. Alimtazama mjukuu wake Nicolino,
aliyeingia na visikilizio masikioni, hana habari,
na yowe la pili lilipopenya akamgusa bega:
"Tunafunga sasa hivi. Ukinibishia, vyombo vyako wiki nzima."
Mtoto akacheka. Mtoto akaosha vyombo.

"Zamani," baba akasema, "duka la Scialpi liliweka televisheni dirishani.
Tulisimama mia na zaidi, mvua inatunyeshea,
kofia ya mtu ikinizibia nusu ya uwanja.
Lakini goli lilikuwa moja na yowe lilikuwa moja."
Siku hizi jengo letu hushangilia kwa awamu:
kwanza Ersilia, kisha wenye waya mzuri wa ghorofa ya chini,
kisha sisi,
na dakika mbili baadaye, tumeshatulia, tumeshakunywa maji,
Egidio wa ghorofa ya nne, mwenye chaneli ya wizi
inayotangaza kwa lugha asiyoijua,
anaruka peke yake juu ya vichwa vyetu.

Dakika ya tisini. Mbili kwa mbili.
Penalti, yetu.

Ukuta kimya.
Nikangoja. Baba akangoja, kikombe nusu ya njia.
Kimya, kisha kiti kikaburutwa sakafuni,
kisha kile kidude cha redio: tik.

Kwenye simu refa bado ananyoosha mkono.
Nicolino amevua visikilizio, amepiga magoti,
paji la uso karibu liguse kioo.
Mpigaji anauweka mpira. Anaurekebisha. Anarudi hatua tatu, nne.
Nikanyoosha mkono niizime.

Baba akaushika.
"Acha," akaninong'oneza, akavuta kiti karibu,
"hajakosa bado."