Doa la Kushoto, Juu

Kamera niliinunua kwa Mtaliano wa Kasuarina
aliyekuwa akiuza nyumba, viti, hata mbwa.
Jokofu lake nililitengeneza, naye akanipunguzia bei.
"Ina ukungu kidogo kwenye lenzi," alisema,
na kweli umo: tone la maziwa
katika kila picha, kushoto, juu.

Hewa ya chumvi ndiyo iliyoupanda.
Siku hizi kamera hulala kwenye kopo, juu ya mchele mkavu,
mchele ambao hatuupiki tena.
"Tumepata mgeni," asema mke wangu,
"halipi kodi, na analala juu ya chakula."

Jumamosi hutoka alfajiri
kabla friji za Malindi hazijaanza kunipigia simu.
Maweni: paka watatu juu ya pikipiki
ambayo injini yake bado ina joto la usiku.
Barani: kinyozi anafagia nywele za jana.
Muyeye: suruali saba za shule kambani,
kila moja na kimo chake,
foleni ya viuno ikisubiri miguu.
Nguzo ya Wareno huipita tu.
Imeshapigwa na wengi, haina haja nami.

Bwanaadi, wa duka la vipuri, huniona nimechuchumaa:
"Hapo pana nini?"
Sina jibu.
Mtaka cha mvunguni huinama,
na goti langu la kulia hulia kama bawaba.

Asubuhi moja, njia ya Ngala, nikamwona Mbeyu
na karai lake la viazi, jua nyuma yake,
moshi umempanda begani kama mtoto.
Nikapiga. Nikapiga tena.
Upawa ukainuka.
"Uliniomba?"
Sikuomba.
"Basi futa."
Nikafuta mbele ya macho yake, naye akihesabu:
moja, mbili, tatu, nne.
Kisha akaniuzia viazi, ukwaju akanizidishia,
pesa yake akaichukua kamili.

Nilirudi nimenuna. Nikalala nimenuna.
Mimi,
nipigaye hodi mara tatu
kabla ya kuona ndani ya jokofu la mtu
(nusu limau, dawa ya sukari ya bibi,
sufuria tupu iliyofunikwa ili wageni wasijue),
nani aliniambia
ukishika kamera hodi haikuhusu?

Mvua za masika zikaja, zikaenda.
Barabara ikapanuliwa, vibanda vikabomolewa.
Mbeyu akasimama mlangoni pa karakana yangu,
mkoba kifuani.
"Ile picha."
Ulisema nifute.
"Najua nilisema."
Akatazama compressa iliyofunguliwa mezani
kana kwamba ndiyo iliyomkosea.
"Hata moja haikubaki?"

Tukatafuta, vichwa viwili juu ya kioo kidogo.
Ikapatikana moja ya bahati mbaya:
kidole kiliteleza nilipokuwa nikiondoka.
Imepinda. Kandambili ya buluu,
ukingo wa karai, mguu wa meza,
na juu, kushoto, lile doa.
Nikaona aibu, nikataka kuizima.
"Kuza hapo. Hapo kwenye mguu."
Msumari uliopinda.
"Marehemu ndiye aliyeupigilia.
Ulipinda, nikamcheka,
akaapa hataung'oa mpaka niache kucheka."
Akacheka. Halafu akanyamaza,
nami nikajifanya natafuta bisibisi.

Studio, kijana akataka kutusaidia:
"Hili doa nalitoa kwa kompyuta, dakika moja tu."
Mbeyu akaweka kiganja juu ya meza.
"Liache. Huo ni moshi wangu."

Sikumwambia ni ukungu.
Tukachapisha mbili.
Yake alilipa yeye, yangu nikalipa mimi,
na ya kwangu iko koponi,
juu ya mchele, chini ya kamera.