Za Kuazima

Tsuma huingia saa mbili na robo,
viganja vyekundu kwa mitungi
aliyoijaza bombani, huko Mishomoroni.
Zamani ningemsimamisha mlangoni.
Siku hizi naita majina baada ya hesabu;
darasa zima linadhani nimesahau.

Saa nne namwambia: "Uji umebaki,
hebu nisaidie kuumaliza,
sufuria yenyewe ya watu."
Hunywa akinipa mgongo.
Nami najitia kuhesabu chaki.

Penseli naziita za kuazima.
Hazirudi.
Siziulizi.

Jana, wenzake wametoka,
kaja na kipande kifupi kama kidole cha mwisho,
kimechongwa kwa wembe, kwa uangalifu,
kakiweka mezani pangu:

"Hiki mpe Mwanakombo, mwalimu.
Usimtaje mtu.
Mwambie ni cha kuazima."