Ukuta wa Nne

Dukani, Barabara ya Saba, kijana akanifunulia kitabu cha rangi.
"Mama, siku hizi wote wanachukua kijivu."
Kijivu cha moshi, kijivu cha njiwa,
kijivu kingine kimepewa jina: Asubuhi ya Ziwa.
Ziwa gani? nikamuuliza.
Sisi tuna bwawa la Hombolo,
na asubuhi yake ni rangi ya chai iliyozidiwa maziwa.

Kijivu nakijua.
Miaka tisa nimelala ndani yake:
matofali ya saruji yasiyopigwa lipu,
mwanangu akichubuka kiwiko kila akipita koridoni,
na mimi nikisema mwakani, mwakani.
Kijivu ndiyo iliyokuwa rangi ya mshahara.

Desemba kikoba kikavunjwa, fungu langu likatoka.
Nikamwambia kijana: nichanganyie
zabibu, siku tatu kabla ya kuvunwa,
inaposita kati ya kijani na zambarau.
Akatikisa ndoo. Ikatoka sketi ya shule.
Ongeza tone la nyeusi.
Ongeza.
Basi, hapo hapo, usiiguse tena!
"Nyumba nzima, mama?"
Mlango tu. Na fremu ya dirisha.
Pilipili haijazwi sahani.

Fundi Chibago alikuja Nala na timazi, mwiko, na redio.
Kuta tatu akazilainisha mpaka inzi anateleza.
Ya nne nikamwambia: huu niachie.
Nilikuwa na magunia mawili ya udongo wa kichuguu
kutoka Mvumi, mwekundu wa kukataa kutoka kuchani,
nikautia majivu, samadi iliyochekechwa,
na gundi ya dukani kidogo (mjinga mimi siyo).

Mama yangu Sechelela alikandika tembe letu
kila mvua ikiisha.
Kiganja kinashuka, kinavuta nusu duara,
kinapanda, kinavuta nyingine juu yake,
magamba ya samaki ukuta mzima,
na yeye samaki hali, anasema ananuka.
Sikuwahi kufundishwa. Nilikuwa nashika ndoo.
Lakini kichwa kilipokwama, bega likakumbuka.

Fundi akazima redio.
"Mama Ndahani, bati umeweka la rangi,
madirisha ya kioo, sasa ndani unarudisha tembe?"
Nikampa ndoo ashike.

Wiki ya pili ukuta ukapasuka,
ufa mwembamba toka kona ya dirisha hadi swichi.
Hakusema kitu yule bwana. Alipiga mluzi tu, siku nzima.
Nikauziba kwa dole gumba. Kovu lipo, sikulificha.

Halafu vitu.
Wifi ameleta vitambaa vya kufuma, maua juu ya maua,
seti kumi na mbili, kochi likawa bibi harusi.
Nimebakiza viwili.
Pazia nimefanya kanga, na kanga ina kelele zake,
kwa hiyo chini nimetandika mkeka usio na neno,
ukili mtupu, unaokwaruza nyayo kidogo
kama ulimi wa ndama.
Usiku taa ikiwaka, jirani wakiwa nje
husoma pazia langu kinyumenyume:
USINIULIZE BEI, KARIBU UKAE.
Wanachelewa kuelewa, lakini wanakuja.

Saa kumi jioni jua huingia kwa ubavu.
Kuta tatu laini zinang'aa, zimemaliza.
Ya nne ndiyo kwanza inaanza:
kila nusu duara inatoa kivuli chake,
wekundu unashuka kuwa kahawia, kahawia kuwa ini,
na mlango wa zabibu pembeni
unaonekana umeiva.

Jana Ndahani alitoka chuo, begi mgongoni,
akapita koridoni amekunja kiwiko, mazoea.
Akasimama sebuleni.
Akaweka kiganja ndani ya alama yangu moja,
kikazidi kwa kidole kizima.
Nikangoja aseme.
Akauliza tu: "Udongo umebaki?"

Debe moja. Uko uani, chini ya turubai.